Mstari Uliokataa Kutokea

Mwaka ule mahindi yalipoua watu Ukambani, Kathini alimpoteza kaka yake Muia. Alikufa macho yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji, na mahindi yaliyomuua hayakuwa na hata harufu mbaya. Tangu hapo Kathini hakuamini jicho wala pua.

Alipofungua posho mill yake, kinu cha kusagia unga, huko Kabiro, Kawangware, majirani walimcheka. Kila gunia alilidunga juu, kati na chini, akachota mahindi, akasaga kidogo, akakoroga unga na dawa chupani, kisha akachovya kijikaratasi. Mistari miwili, mahindi ni salama. Mmoja, sumu ya ukungu imezidi.

Alhamisi moja asubuhi, Urbanus, aliyemletea mahindi siku zote, alishusha magunia kumi. Kathini akachovya. Mstari wa kwanza ulitokea. Wa pili akaungoja dakika tano, akaungoja kumi. Akarudia na gunia lingine. Vilevile.

"Urbanus, haya siyasagi."

"Mama Mbithi," Urbanus akamwita kwa jina la mwanawe, "kakaratasi ndiko kanakufunza mahindi? Sawa. Wenye njaa hawapimi."

Akayapakia tena, pikapu ikaondoka.

Kathini alimpigia simu Kaltuma, rafiki yake mwenye kinu kule Kibera. "Urbanus akija, usipokee."

"Alikuja jana," Kaltuma akasema. "Nimesaga magunia matatu. Yameisha karibu yote."

Kathini alitia vifaa vyake kwenye kiondo, akashika njia kwa miguu. Kinuni kwa Kaltuma alipima unga uliobaki. Wanawake hao wawili waliinama juu ya kijikaratasi. Mstari mmoja.

"Ya Rabi," Kaltuma akanong'ona. "Hata wajukuu wangu wamekula."

Alizima mashine, wakaingia vichochoro vya Gatwekera, mtaa wa hapo Kibera, mlango kwa mlango, wakiomba unga urudishwe. Wengine walirudisha. Wengine waliwafungia mlango, wakidhani ni hila ya biashara. Mama mmoja alitoka na mwiko mkononi, sufuria ikitokota nyuma yake.

"Nikiuchemsha sana, si sumu itaisha?"

"Haiishi, mama."

Yule mama aliwatazama watoto wake watatu waliokwisha kaa kungoja, akaitazama sufuria. Hakuiepua.

Kathini alimpigia Urbanus. Simu ilikuwa imezimwa. Kinyozi wa pale njiani, anayemfahamu Urbanus, akawaambia ameiona pikapu yake saa moja iliyopita, imejaa magunia, ikielekea kwenye vinu vya Riruta.