Tulivyokwenda Ilagala Kumrudisha Agripina

Mjomba wangu mmoja, zamani sana tukiwa bado tunaishi milimani upande wa Kasulu, alinunua baiskeli kabla hajajua kuiendesha. Kupanda alijua. Kukanyaga alijua. Kusimama ndiko hakukujua. Akitoka gulioni alikuwa anapiga kelele tangu mbali, "Nakuja! Nakuja!", nasi watoto tunakimbia kumdaka, tunaanguka wote, yeye, baiskeli na chumvi yake. Habari hii haihusu baiskeli, nivumilieni. Shule niliishia darasa la pili na hakuna aliyenifundisha mahali pa kuanzia. Nimemkumbuka mjomba kwa sababu juzijuzi nilisafiri na mtu wa namna yake, ila huyu alikuwa hajui kusimama katika kuomba.

Anaitwa Zefania, mwinjilisti wa kanisa letu hapa Rusimbi. Kijana mwema, hana makuu, lakini akiombea chai mnainywa baridi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba twende Ilagala. Dada yangu Agripina anaanika dagaa huko, na tangu mumewe afariki, mwaka wa nne huo, hajakanyaga kanisani. Mimi nimeshazeeka. Nilikuwa najiuliza, nitakufa nimwache dada yangu nje ya mlango? Zefania akanishika mkono, akasema, "Mzee, nipe alasiri moja tu."

Asubuhi ya Jumanne tukashuka Ujiji kupanda boti. Zefania kavaa suti nyeusi na viatu vya kung'aa, kakumbatia spika yake ya betri kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Nahodha ni mtu wa Ujiji, tunajuana tangu nikiwa fundi nyavu. Akanisalimu kwa Kiha chetu, "Mwakeye, mzee. Huyo unampeleka kuoa?"

"Anakwenda kuhubiri."

"Basi akae nyuma na injini, washindane."

Tulipoondoka tu, Zefania akasimama kuiombea safari. Alipofika amina tulikuwa tumeshateremsha abiria wa kijiji cha kwanza, wameenda zao bila baraka.

Saa saba mchana tukafika Ilagala. Nilimkuta Agripina peku mchangani, anageuza dagaa kwa ufagio. Walikuwa wametandazwa kuanzia karibu na maji mpaka nyumba ya kwanza, wanameta.

"Shikamoo kaka. Umekonda."

"Marahaba. Na wewe je?"

"Mimi sikondi, nanuka tu."

Zefania akajieleza kilichotuleta. Agripina hakuacha kufagia. "Mwinjilisti, mimi na Mungu hatuna ugomvi. Nina dagaa. Mchuuzi anakuja kesho, na mbalamwezi imeanza, boti za dagaa hazitoki tena mpaka giza lirudi. Hawa unaowaona ndio chakula cha wajukuu wangu mpaka siku hiyo."

Hatua chache kutoka hapo alikuwa jirani yake, Bi Mwajuma, kajifunga ushungi, naye ana dagaa wake mchangani. Akadakia, "Mwache ahubiri, Agripina. Spika hiyo itatufukuzia kunguru."

Saa nane hivi Zefania akaanza, na lazima niseme kweli, alihubiri vizuri. Alisema habari za wajane, pole pole, bila kupayuka, hata nikamsahau yule Zefania wa kwenye boti. Nikaona ufagio umesimama. Kisha Agripina akainamisha kichwa na machozi yakaanza kudondoka. Miaka minne, jamani! Zefania akasema tufumbe macho tuombe.

Mimi nina tabia mbaya, huwa nafumba moja. Kwa hilo jingine nikaona wingu limetoka upande wa Kongo, jeusi, na chini yake maji ya ziwa yamegeuka rangi. Mvua inakuja mbio. Zefania ndiyo kwanza alikuwa anawaombea viongozi wa nchi. Wagonjwa walikuwa bado, na safari yetu ya kurudi.

Hapo nikashikwa. Nikipiga kelele, Agripina atafumbua macho, atashika dagaa wake, na nani ajuaye kama atakuja kufumba tena? Nikinyamaza, wajukuu watakula nini? Nikamwambia Mungu kimoyomoyo, samahani, natoka kidogo. Nikajivuta kwa vidole vya miguu, nikachukua beseni nikaanza kuanua.

Magoti yangu si ya kazi hiyo. Bi Mwajuma akaniona. "We mzee, umetoroka sala?"

"Shh! Kuna mvua."

Akatazama ziwani, akatazama dagaa wake, akatazama wa Agripina ambao ni wengi zaidi. Kisha akaja upande wetu, anakimbia. Tukazoa, tukamimina, tukafunika turubai. Tone la kwanza lilipompiga Zefania alifikiri ni upako, akaongeza sauti. La tano likaingia kwenye spika, ikapiga kwi! na kuzima.

Agripina akafumbua macho. Dagaa wake wako chini ya turubai, kaka yake kalala juu ya turubai lisipeperuke. Wa Mwajuma, nusu nzima, wanaogelea.

Mvua ilipokatika tuliketi barazani kwa Agripina, tumelowa. Ndipo akasema kilichomweka nje. "Mume wangu alipokufa, kanisa lilikuja siku tatu. Waliimba vizuri sana. Nje dagaa walioza, watu wakiwapita kuingia kuniombea. Sikumchukia mtu. Nilichoka tu."

Zefania alikodolea macho viatu vyake.

"Jumapili nitakwenda," Agripina akasema. "Ila nitakaa mlangoni, niwe naona mbingu zote mbili."

Bi Mwajuma akacheka. "Wangu walioloa nani ataniombea?"

Mimi nimesafiri siku moja tu na sina elimu ya kutosha kufundisha watu, lakini hilo nililishika: tunapeleka habari njema nyumba kwa nyumba na kuruka vitu vya watu vilivyoanikwa mlangoni.

Asubuhi ya Jumatano boti ya Ujiji ilikuwa imeshawasha injini. Bi Mwajuma yuko mchangani peke yake, anachambua dagaa waliolowa, awatandaze upya kabla nzi hawajaamka vizuri. Zefania alikuwa na mguu mmoja ndani ya boti. Akamtazama. Akaniwekea spika mapajani.

"Nakuja, mzee."

Akakunja suruali, akaokota beseni la Agripina, akaenda zake mchangani bila kuomba kwanza. Nahodha alingoja, akapiga honi, akangoja tena. Nikamwita. Hakugeuka. Tukaondoka, na Rusimbi hajarudi mpaka leo.