Mume Wangu Ameezua Nusu ya Nyumba Akiikimbia Kodi

Mama huyu wa Kisarawe ametuomba tusimtaje, nasi tumemfichia jina na mtaa. Tunawaomba mumsome hadi mwisho kabla ya kumlaumu yeyote.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka thelathini na minane. Nina mume na watoto wanne, na mama mkwe wangu tunakaa naye. Naombeni mnisikilize, maana hapa nilipofika sijui pa kushika.

Zamani tulikuwa tunaishi upande wa Gwata. Wakati serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya tuliambiwa tutoke, tukaiacha nyumba yetu ya udongo na mazao yakiwa shambani. Nililia sana. Mume wangu, nimwite Baba Zuhura, akaniambia, "Nyamaza. Nitakujengea nyingine, na hiyo hakuna atakayekutoa."

Na kweli alijenga. Tulihamia hapa Kisarawe, yeye akawa anapeleka mihogo na mkaa kwa baiskeli, mimi nikawa nabangua korosho na kuuza maandazi. Saruji ilikuwa haba, hununui bila kibali cha serikali. Bati tulizipata moja moja, leo huku, kesho kule, tukawa tunaziweka uvunguni mwa kitanda hadi zikatimia. Siku tulipomaliza kuezeka, mvua ilinyesha jioni ile ile, na Baba Zuhura alikaa sebuleni anaisikiliza tu.

Kodi ya nyumba mwanzoni haikutusumbua. Lakini kila mwaka wakawa wanaipandisha, na nyumba ya bati inatozwa zaidi kuliko ya makuti. Mihogo yetu haikupanda bei namna hiyo. Ikafika mahali watoto wanakaa bila sare ili tulipie nyumba. Mume wangu akabadilika. Akiingia ndani anatazama juu, anaguna. Siku moja aliniambia, "Mama Zuhura, mimi si mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji, ila tu mwenye nyumba wangu simjui sura."

Nilidhani ni uchungu tu. Kumbe alikuwa ameshaamua.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka shambani asubuhi, nikasikia nyundo kabla sijafika uani. Nikamkuta Baba Zuhura yuko juu na fundi, wanaezua. Bati za chumba chetu na sebule zilikuwa chini zimepangwa, na pembeni kuna mzigo wa makuti. Nikauliza, "Baba Zuhura, unafanya nini?" Akajibu bila kunitazama, "Naishusha nyumba ilingane na mfuko wangu. Bati nitaziuza, tulipe deni, na mwakani watutoze kama watu wa makuti."

Nikamwambia bati hizo hatutazipata tena maisha. Akasema, "Afadhali nikose bati kuliko kukosa usingizi." Fundi akasogea upande wa chumba cha mama mkwe, akaomba bibi atoke nje asije akaangukiwa na misumari. Mama mkwe akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambieni mwanangu aendelee. Mimi nipo kitandani, sitoki. Nimeshahamishwa mara moja, imetosha."

Fundi alishuka, akakusanya vyombo vyake. Baba Zuhura alibaki juu peke yake kwa muda mrefu. Aliposhuka alikiacha chumba cha mama yake kama kilivyo. Upande mmoja ukaezekwa makuti, upande mwingine ukabaki bati.

Baadaye watu wa kodi walikuja na mgambo. Mume wangu aliwapokea vizuri, akawaonesha makuti. Yule mkubwa wao akazunguka nyumba, akarudi, akasema, "Ndugu, nyumba hii ina bati. Nusu ya bati ni bati. Kodi yako ni ile ile." Baba Zuhura akajaribu kueleza, akawaonesha makuti tena. Na kwa kuwa tulikuwa nyuma kulipa, waliondoka na baiskeli yake mpaka tutakapolipa. Ndugu zangu, ile baiskeli ndiyo inayotulisha. Nilimwona mume wangu anawasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona, halafu akaketi pale pale chini.

Tangu hapo amesema mambo mawili tu: ama mama yake akubali chumba kiezuliwe na bati zote ziuzwe, ama nyumba nzima iuzwe turudi Gwata kwa kaka zake waliobaki kwenye kijiji kipya cha huko. Amenipa mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, nizungumze na mama. Mama ninamwogopa hata kumwanzia.

Nikamwendea kaka yangu, yeye ni mfanyakazi Kibaha. Alikubali kulipa deni lote na kuikomboa baiskeli, lakini akasema, "Dada, sitatia fedha yangu kwenye nyumba ya mtu anayeivunja. Kwanza iandikwe jina lako." Nilimweleza Baba Zuhura kwa upole, nikasubiri awe ameshakula. Akanawa mikono, akasema, "Siku nyumba niliyoijenga itakapoitwa ya mke wangu, siku hiyo utakaa ndani yake bila mume." Hakugomba. Alisema polepole, na hilo ndilo linalonitisha.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanywi, hajawahi kunipiga, na watoto wanampenda. Lakini nikikubali fedha ya kaka, nyumba itabaki na mume ataondoka. Nikikataa, mume atabaki na nyumba itakwenda, na yule mama mzee sijui tutamtoaje mle chumbani. Kaka anataka jibu na mvua zimeshaanza kupita kwenye makuti.

Wenye uzoefu wa ndoa na wenye nyumba zenu, nishaurini. Nishike kipi, nifanye nini?