Uzi Usio na Karatasi

Wanafunzi wa chuo cha maigizo walimwita Mama Fundo, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alishona mavazi ya michezo yao katika chumba chenye cherehani mbili nyuma ya jukwaa, na futi ya kupimia hakuipenda. Alikata uzi mrefu, akaufunga fundo penye bega, fundo penye kifua, fundo penye kiuno, fundo penye goti. Kila uzi ulining'inia kwenye msumari wake, ukiwa na kikaratasi chenye jina la mwigizaji.

"Mama Fundo, usinibane sana, nimetoka kula," walimtania.

"Ukitaka kupumua, nenda kaigize pazia," aliwajibu.

Msimu huo wahitimu watano wa uongozaji walikuwa wanaonyesha kazi zao za mwisho mbele ya watahini, na waigizaji wao nao walipewa alama. Yote ilikuwa michezo ya siku hizi, ya watu wenye simu mkononi na ndoa zilizochoka. Mmoja wao, kijana aliyepewa jina la Profesa kwa sababu ya maneno yake mazito, alichagua mchezo wa familia isiyotaka kukiri kwamba binti yao amekufa. Binti huingia na kutoka, huzungumza nao, nao humjibu. Alihitaji gauni moja la kijivu.

Mama Fundo alilikata asubuhi, akalishona kwa siku mbili. Msichana aliyeigiza binti alipokuja kulijaribu, lilikwama mabegani.

"Nimenenepa tangu juzi," msichana alicheka, "au gauni limenikataa?"

Mama Fundo hakucheka. Alitazama ukutani. Uzi wa msichana ulikuwa bado kwenye msumari na karatasi yake. Ule aliokatia gauni, uliokuwa mezani kando ya mkasi, haukuwa na karatasi. Ulikuwa wa bintiye, aliyefariki miaka mitatu nyuma akiwa na miaka kumi na tisa. Uzi wa mtoto wako hauandikwi jina.

Profesa alipoambiwa kilichotokea, hakusema pole. Alilizunguka gauni mara mbili, macho yakiwaka.

"Mama, usiliguse. Tutaliweka kwenye kiti, tupu hivi hivi. Familia itazungumza na gauni."

"Na mimi je?" mwigizaji aliuliza. "Mtihani wangu si ndio huu?"

"Utakuwa jirani."

"Jirani ana maneno mawili! 'Hodi' na 'kwaherini'!"

Kijana huyo hakuwa mwovu. Alifundishwa kutafuta kitu cha kweli na kukipeleka jukwaani; kuuliza ni cha nani, hilo hakufundishwa. Lakini kosa kubwa lilikuwa la Mama Fundo. Yeye alijua msichana ananyang'anywa nini, na bado alikubali.

Alikubali kwa sababu alitaka kuliona. Kila siku baada ya chakula cha mchana alifunga chumba chake na kwenda kukaa safu ya tatu. Gauni lilikaa kwenye kiti, mikono yake imelazwa mapajani. Taa ya pembeni ikiwashwa, bega la kushoto lilionekana kushuka kidogo, kama la bintiye aliyezoea kubeba mkoba upande huo. Upepo wa feni ukipita, kifua kilijaa, kikashuka.

Nyumbani mumewe alimuuliza, "Mama watoto, mbona siku hizi usiku mlango hufungi, kama tulipokuwa tukimngoja binti yetu?"

"Nimesahau."

"Siku nne mfululizo?"

Siku ya tano, mwigizaji wa nafasi ya mama aliligeukia gauni akauliza, "Umekula, mwanangu?" Sauti ikatoka safu ya tatu: "Mwacheni kwanza apumzike." Waigizaji wote waligeuka. Mmoja aliangusha kikombe.

"Safi sana!" Profesa aliruka. "Mama, hiyo hiyo, kesho urudie. Tutaiingiza."

Asubuhi iliyofuata msichana alikuja kwenye chumba cha kushonea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasimama, akanyoosha mikono pembeni. "Naomba unipime."

"Nilishakupima. Uzi wako ule pale."

"Nauona. Mwenyewe ndiye niliyetolewa nje." Mikono hakuishusha. "Mama yangu anakuja Ijumaa kunitazama. Nimwambie akae aangalie kiti?"

Jibu la haki lilikuwa moja tu, na kitambaa cha kijivu cha kushona gauni jingine kilikuwa kimekwisha dukani. Mama Fundo alikwenda jukwaani, akalichukua gauni kwenye kiti, akarudi nalo amelibeba kwa mikono miwili. Kisha akaanza kufumua. Alianzia bega la kushoto, maana alijua akiliacha la mwisho hataliweza.

Profesa aliingia akihema. "Umeniharibia mchezo!"

"Mchezo ni wako. Mtoto ni wangu. Na tangu siku ile, mwanangu, hujaniuliza hata jina lake."

Kijana akatoka, na jioni msichana akarudishiwa nafasi yake.

Ijumaa saa tisa alasiri msichana aliingia jukwaani na gauni lililoongezwa vipande vya kitambaa kingine mabegani na ubavuni. Mama Fundo alisimama nyuma ya pazia na sindano mkononi, kama kazi yake ilivyotaka, ikiwa mshono utaachia. Alisikia miguu ikikanyaga mbao kwa kishindo, sauti nene ikibishana na wazazi wa uongo. Alimtafuta bintiye humo ndani kwa dakika hamsini. Hakuwamo.

Makofi yalipopigwa, mwanamke mmoja ukumbini alisimama na kumwita mwanawe kwa jina la nyumbani. Msichana alikimbilia nyuma ya pazia akicheka na kulia, akageuza mgongo.

"Nifungulie, mama, nakufa kwa joto."

Mama Fundo akaanza kufungua vifungo. Mgongo ulikuwa mpana, umelowa jasho, una moto.

"Usiseme hivyo," alimkemea. "Sema unaona joto."