Herufi Tatu Chini ya Kopo

Jumanne, baada ya misa ya asubuhi, katekista alinikuta mlangoni mwa kanisa akaniambia kwamba Mwalimu wa Makopo ametutoka. Hivyo ndivyo mji ulivyomwita, nami sitaandika jina jingine. Alikuwa mzee wa rika langu, aliyewafundisha watu wazima Kiingereza kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia yetu hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, na vitabu vyake vilikuwa makopo matupu, maboksi ya dawa na mifuko ya saruji aliyoiokota barabarani. Nilimjibu katekista, "Mungu ampokee," nikafanya ishara ya msalaba, kisha badala ya kurudi nyumbani nikazunguka kanisa mara tatu kama mtu aliyepoteza funguo. Ninyi wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiwahimiza kushukuru na kuvumilia. Leo kalamu inakataa kwenda huko mpaka kwanza niwaambie nililomfanyia mtu huyu.

Baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kufanya kazi ya mgodi, yeye akazaliwa kambini, akakua, akawa karani wa ghala kwenye mgodi wa Mashamba na baadaye wa Fungurume. Kiingereza alikifuata kwa lazima: vipuri vilikuja na maelezo ya lugha hiyo, na aliyekosea kusoma aliharibu mashine. Alipostaafu alianza kuuliza swali ambalo sikulipenda. "Shaba yetu ikitoka," alisema, "kila mufuko iko na karatasi: uzito, ubora, namba. Banaipima mara mbili. Sasa bitu bikirudi kwetu, mafuta, dawa, maziwa, tunapokea tu na kusema merci." Mimi niliona ni kukosa shukrani. Yeye aliona mambo kwa jicho la ghala. Bidhaa nyingi hutufikia kupitia Zambia zikiwa na maandishi ya Kiingereza, na Kifaransa tulichofundishwa shuleni hakisaidii kuyasoma. Kwa hiyo hakuwafundisha wanafunzi wake nyimbo. Aliwafundisha kuuliza bei ya kilo, kusoma kiasi cha dawa, kurudisha pasi iliyokufa siku ya pili bila kutukanana na mwenye duka. Na neno la kwanza darasani halikuwa la Kiingereza hata kidogo. Lilikuwa "Geuza!" Aliinua kopo na kusema, "Hapa mbele iko ngombe anacheka. Ngombe hakuandika kitu. Geuza!"

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa parokia yetu, aliyeuza maziwa ya unga kwenye meza karibu na lango la soko, alinijia na kopo moja mkononi. Mwenye depo, ghala la kuuzia jumla, alikuwa tayari kumwachia makatoni mengi kwa bei ya chini, naye alitaka uhakika. "Tata, wewe ulisoma kwa bapadri," aliniambia, kwa jina wanaloitwa wazee hapa. "Nisomee hapa chini. Bameandika nini?" Nilivaa miwani, nikageuza kopo. Paliandikwa EXP, kisha tarehe ya mwezi uliotangulia. Mtu aliyelelewa na Kifaransa, akiona herufi hizo, hufikiri kifurushi cha posta: expédié, yaani kilichotumwa. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Mama, maziwa haya yametumwa mwezi uliopita tu. Bado mapya kabisa. Mshukuru Mungu." Akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi, akaweka akiba yake yote katika makatoni yale. Kumbe kwa Kiingereza herufi hizo hutangulia siku ambayo uhai wa kitu unakwisha.

Kopo moja lilifika darasani mikononi mwa mwanafunzi, na siku hiyohiyo Mwalimu akaenda sokoni. Waliokuwapo wanasema alizungumza kwa sauti ya chini, lakini sokoni sauti ya chini ndiyo inayosikiwa na wote. "Mama, pardon. Hii maziwa muda yake ilikwisha. Usiuzishe tena." Mama akaruka. "Ilikwisha na nani? Tata wa kanisa mwenyewe alisoma! Anasema balituma juzi tu!" "Mama, geuza tuangalie pamoja." "Enda na makopo yako! Mukiona mutu wa hapa anapata kidogo, macho inawauma." Hilo "mukiona" halikumlenga yeye peke yake, lilifika mpaka Kasai alikotoka baba yake, kwa watu ambao hapa huitwa wageni hata wakizaliwa hapa. Alilielewa, akasalimia, akaondoka.

Mama akaja moja kwa moja kwangu. "Tata, ule mwalimu anasema maziwa yangu ilikufa. Ni kweli?" Wakati huo shaka ilikuwa imeniingia, nimeshamuuliza padri mmoja aliyesomea Zambia, nami nilijua. Nilijua, wasomaji wangu, na nikamjibu, "Mama, tumwachie Mungu." Ni maneno mema. Nimeyasema kwenye vitanda vya wagonjwa na makaburini, na yamewafariji watu. Siku ile niliyatumia kama mfuniko wa sufuria.

Hakuna mtoto aliyeugua, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wateja walikuwa wamesikia, na hakuna aliyenunua tena kitu chochote pale. Maziwa yalimwagwa shimoni, mama akahamia kuuza makaa, na kila aliyemuuliza aliambiwa kwamba Mwalimu ndiye aliyemuulia biashara kwa wivu. Mwalimu alijua ni nani aliyesoma lile kopo, kwa maana alitajiwa usoni. Sentensi moja tu ingetosha kumsafisha. Hakuisema. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, alinisogelea na kuniambia maneno manne: "Tata, Jumamosi kuna kiti."

Ilinichukua karibu mwaka kukikalia kiti hicho. Siku niliyoingia, dereva mmoja wa malori yanayokwenda Zambia alikuwa anajifanya mteja, Mwalimu akijifanya mwenye mkahawa. Dereva akasema kwa adabu kubwa, "I demand tea." Mwalimu akashika kichwa. "Ukisema vile kule ngambo, hautapata chai, utapata polisi!" "Lakini Mwalimu, mi minaomba kwa upole!" "Upole iko mu kichwa yako. Mu kinywa yako iko vita!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, kisha akaeleza kwamba neno hilo katika Kifaransa ni kuomba tu, lakini Waingereza wanalisikia kama mtu anayegonga meza kwa ngumi. "Hizi luga mbili ni bandugu," alisema, "na ndugu njo anajua kukudanganya." Hapo akageuka ubaoni akachora herufi tatu: EXP. "Hizi," akasema, "hata mi zamani nilisoma expédié. Nilinywesha bantu maziwa ya kuzeeka. Mucheke, mucheke tu!" Wakacheka. Hakunitazama hata kidogo. Karani wa ghala aliyesoma vibandiko maisha yake yote alijitwisha kosa langu mbele ya watu ishirini, na mimi nikacheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kinachoninyima utulivu kuliko hata lile kopo.

Sasa amekufa. Akina mama wa parokia walianza mara moja kupanga vyungu na kugawana kazi za kilio, isipokuwa muuza makaa. "Mi siende kulia mutu mwenye aliniulia meza," alisema, na wawili watatu wakaanza kuona ana haki. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Nikaona kwamba mtu huyu atashuka kaburini na kosa langu juu ya jina lake, na kwamba mwenye kuliondoa ni mmoja tu. Jumatano adhuhuri nilikwenda kwenye meza ya makaa. Sikutafuta utangulizi. "Mama, mimi ndiye niliyesoma vibaya. Mwalimu alisema kweli."

Aliendelea kujaza makaa mfukoni, mfuko ukafurika, yakamwagika miguuni pake. "Siku ile nilikuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukasema tumwachie Mungu."

"Ndiyo, Mama."

"Tata, miaka yote ile mutu ananipita hapa, ananisalimia, mi minatema mate chini. Juu ya nini unaniambia leo? Juu hawezi tena kukujibu?"

Mama alifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akafunika makaa kwa turubai. "Nitaenda kesho. Lakini kule utasema tena, mbele ya bote. Mi peke yangu sitabeba hii."

Nikasema. Walipoomba ushuhuda nilisimama karibu na sanduku, nikaeleza kopo, depo, soko na kicheko changu. Hakuna aliyenizomea, na ningependa wangenizomea. Mjane wake alinitazama akasema tu, "Alikuwa anatuambia: ule Tata atakuya kusema siku moja, iko mutu wa Mungu." Kisha mama wa makaa akapita mbele, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya ubao wa sanduku. "Mwalimu, yambo," alisema. "Yambo, Mwalimu. Yambo." Alirudia mara nyingi, kama anayelipa salamu moja moja za miaka yote ile.

Kawia ufike, nilizoea kuwaambia vijana. Nimekawia, na nilipofika alikuwa ndani ya sanduku. Woga wangu niliubandika jina la subira, nikauweka mbele kama yule ng'ombe anayecheka, na hakuna aliyenigeuza kusoma nyuma, isipokuwa mtu mmoja, naye alisoma akanyamaza, akaniwekea kiti. Dereva wa malori ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi sasa, na ameniahidi kwamba Jumamosi darasa litaendelea. Nimemwomba nichore mimi herufi zile tatu ubaoni, na niseme ni nani hasa aliyezisoma vibaya. Subira ni ya kumngojea Mungu. Mtu uliyemkosea, usimngojeshe.