Samaki wa Dada

Wivu, jamani, hauna dawa ya dukani. Muulize mwongoza wageni mmoja wa hifadhi ya pwani, ambaye kazini wote humwita Dada kwa sababu mdogo wake naye anafanya kazi pale pale. Dada ndiye aliyemwona kwanza yule samaki wa kale aliyegeuka jiwe, kule chini ya majabali. Akamfundisha mdogo wake njia, akamfundisha na kummwagia samaki maji ya chupa ili mifupa ijitokeze. Lakini mdogo mtu ana mdomo wa chiriku! Wageni wakifika getini humuulizia yeye tu. Dada hutabasamu, huku roho inamchoma.

Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni ni la mama yao. Kwa magoti yake mabovu, mama hakuwahi kushuka kule. Safari hii kasema atakwenda, mara moja tu, kisha basi. Na nani amwongoze?

"Mdogo wako," alisema mama. "Wewe unakwenda mbio mno."

Lo! Alime mwingine, avune mwingine? Basi alfajiri Dada akatangulia, akamfukia samaki kwa mchanga na mwani, akashindilia kwa viganja. Na aumbuke leo, chiriku yule! Halafu yeye atatokea, amfukue, mama aone mjuzi ni nani.

Kumbe alipima safari kwa miguu yake, si kwa miguu ya mama. Alijibanza nyuma ya jabali akangoja, akangoja weee. Walipotokea wameshikana mikono, maji yalikuwa yanajaa. Mdogo wake akamwaga chupa nzima pale pale, hakuona kitu.

"Mama, bahari imemfukia samaki wa Dada!"

Samaki wa Dada? Alisikia vizuri kabisa. Akachomoka mafichoni, akapiga magoti, akafukua kwa mikono miwili. Wimbi likaja, likarudisha mchanga wote. Akafukua tena, sasa analia kwa sauti. Wimbi la pili likamfika kifuani.

"Dada, toka, utachukuliwa!" mdogo wake alipiga kelele, akamvuta nguo.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, anasugua magoti. Hakuuliza Dada alitokea wapi.

"Muache huyo samaki, mwanangu, tupande. Mimi huku sirudi tena. Na usilie. Njia nzima mdogo wako ananiambia Dada alimwona hivi, Dada alimwona vile, mwiba kwa mwiba. Ni kama nimemwona."

Wakaanza kupanda, mama ameegemea bega la mdogo. Dada akafuata nyuma amebeba chupa tupu, na siku hiyo hakwenda mbio.