Daktari wa Chumba Kumi na Tisa

Wifi yangu ni mwongo. Nasema kwa upendo, na usoni nimeshamwambia mara nyingi tu. Kaka yangu alipomwoa, wifi tayari alikuwa mlezi wa bweni la wavulana pale chuo kikuu, na ni yeye aliyenitafutia kazi ya kufagia ghorofa ya pili. Kwa hiyo haya sikusimuliwa, nimeyaona nikiwa na ufagio mkononi.

Bweni lina vyumba arobaini, na kibaya kuliko vyote ni kumi na tisa. Kimebanwa kati ya choo na ngazi, dirisha lake linatazama ukuta, na mtu akifungua bomba ghorofa ya juu, humo ndani kunanguruma kama tumbo la mwenye njaa. Kila mwaka kuna kijana hupangiwa humo, na kila mwaka kijana huyo hushuka ofisini kwa wifi na sura ya msiba.

Hapo wifi huvua miwani. "Kumi na tisa? Hebu kaa, mwanangu. Unajua nani alilala humo kabla yako? Daktari bingwa wa moyo! Naye siku ya kwanza alilia hivyo hivyo."

Basi, kijana anapanda ngazi kifua mbele. Uongo ukaota mizizi. Wanafunzi wakawa wanagusa kitasa cha kumi na tisa kabla ya mtihani, mpaka kikang'aa kuliko vyote, na mimi nikasifiwa kwa usafi! Wengine wakaanza kumbembeleza wifi kwa soda ili wapangiwe humo. Nikamwambia, "Wifi, njia ya mwongo ni fupi." Akaniambia nikafagie.

Mwaka huu chuo kikaamua kuandika historia ya bweni. Akaja mhadhiri mmoja na mafaili ya zamani, mpole, lakini akishika jambo anang'ang'ania kama kupe. "Mama, huyo daktari jina lake nani?" Wifi akakohoa, akasema siku hizi kumbukumbu zinampotea.

"Usijali," mhadhiri akasema. "Nimepata orodha ya waliolifungua bweni. Wa kwanza kulala kumi na tisa ni daktari kweli, na yuko hai. Ijumaa atakuja kutueleza mbele ya mkuu wa chuo."

Mhadhiri alipotoka tu, wifi alikaa chini kama gunia. "Nimekwisha," akasema. "Huyo ndiye wa kwanza niliyemdanganya. Nilikuwa msichana, kazi ndiyo kwanza nimeanza. Nikamwambia kuna daktari kamtangulia, na bweni lenyewe lilikuwa na siku mbili!"

Makubwa! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona machozi yake, nikanyamaza. Alibakiza miezi mitano astaafu. Miaka thelathini na mitatu ya kazi, halafu aage kwa kuitwa mwongo mbele ya wakubwa. Mdomo uliponza kichwa.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Daktari akasimama, mwanamume wa mvi na suti nzuri. Akasimulia jinsi alivyokiona chumba akafunga begi lake arudi kwao, na mlezi akamwambia habari za daktari bingwa wa moyo.

Mkuu wa chuo akakunja uso. "Lakini wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Nani alikuwa amelala humo kabla yako?"

Wifi akanibana mkono hadi kucha zikaingia. Nilitamani ardhi ipasuke itumeze sote wawili.

"Hakuna," daktari akasema. "Rangi ya ukuta ilikuwa mbichi, ikanigandia shatini. Nilijua wazi kwamba ananidanganya."

Mhadhiri kalamu ikasimama.

"Nikawaza, mtu hanijui, hana undugu na mimi, lakini anahangaika kunitungia uongo mkubwa namna hii ili tu nisiondoke. Nikafungua begi."

"Na huyo bingwa wa moyo?" mkuu akauliza.

Daktari akageuka, akamtazama wifi yangu.

"Nilisomea moyo makusudi, mama. Nilitaka neno lako liwe kweli."

Wifi alilia hadharani bila kujifuta. Na mimi nililia, sioni haya kusema.