Nilisema Kumi, Tulikuwa Tisa

Kuna siku moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo na mvi zote hizi: siku niliyolala kifudifudi na bunduki begani, nimeielekeza mahali ninapojua kabisa kwamba rafiki yangu anapita.

Lakini nianze taratibu, maana nyie vijana mnapenda kurukia mwisho.

Kila mwaka hapa Kiwalani, watoto wakiitwa kambi ya jeshi wanapita kwangu kuniaga. Wanajua bibi yao alivaa buti kabla mama zao hawajazaliwa. Shikamoo bibi, marahaba, kaa. Mie nadhani wataniuliza kuhusu mchakamchaka, au uji wa kule, au namna ya kufunga buti lisikuchubue. Wapi! Wote siku hizi wana swali moja. Juzi alikuja mmoja kashanyoa kichwa, chai hajaimaliza, ananiambia, "Bibi, nifanyeje wanichague kiongozi? Mie sitaki kuwa kuruta wa kawaida."  Nami ujanani nilikuwaga hivyohivyo. Ndiyo maana naandika haya, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne. Atakayeshindwa kuusoma aje nimsomee.

Kambi yetu ilikuwa porini, mbele ya Kimbiji. Tulikuwa wasichana kumi katika seksheni, yaani kile kikundi kidogo kuliko vyote jeshini, na mie ndiye niliyevishwa kitambaa cha ukuu mkononi. Si kwa akili. Kwa sauti. Nikitoa amri, ndege wanahama. Aliyetufundisha alikuwa Sajini Mwanaidi, mwanamke mfupi, mkavu, asiyepiga kelele hata siku moja. Siku ya kwanza alituambia hivi: seksheni inatembea kwa mwendo wa anayechelewa. Wa mbele atasubiri. Tukaitikia kwa nguvu, "Ndiyo, afande!" Kuitikia hakuna kazi.

Basi wiki moja Sajini akatutangazia matembezi ya masafa marefu, na buti na begi na bunduki. Kila seksheni itaondoka kivyake na wote tutakutana uwanja wa shabaha. Mkuu atakayefikisha seksheni yake, wote kumi, kabla ya wengine, jina lake litapelekwa kwenye kozi ya uongozi.

Mwanangu, kozi ile niliitaka kuliko chakula. Nyumbani Temeke baba alikuwa kashapokea posa yangu. Nisipoipata kozi ile, narudi kuolewa na mtu niliyemwona mara moja, tena mgongo. Shule sikuwa nayo. Ule ndio ulikuwa mlango wangu pekee, na niliapa nitaupita.

Tuliondoka asubuhi mbichi tukiimba. Mpaka jua lilipokaa utosini tulikuwa tunaongoza, lakini Paskalina alikuwa nyuma. Paskalina alikuwa mtoto wa bara, mrefu, mcheshi, tulikuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini. Kisigino chake kilichubuka hadi soksi ikalowa damu.

"Mwajuma, mguu umekataa," akaniambia.

"Vumilia, dada. Zimebaki kilometa mbili."

"Umesema mbili tangu asubuhi. Kilometa zako zinazaa?"

Wenzetu wakacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa naangalia vumbi la seksheni ya pili, linakuja. Nikamvuta Paskalina pembeni nikamwambia, "Wewe katiza mikoroshoni, ile njia yetu ya kuni. Ni fupi. Utatufikia palepale."

"Ile si inatokea nyuma ya tuta la shabaha?"

"Utafika kabla hawajaanza kupiga. Na mie si nipo? Nitawaambia."

Akaniamini. Akaingia mikoroshoni anachechemea, begi lake nimempa mwingine. Tukakimbia.

Tukafika wa kwanza. Sajini alikuwa amesimama na wakubwa wawili wa kambi, na seksheni ya pili imeshatokeza kwenye kona.  Akaniuliza, "Wangapi?"

Mwanangu, neno tisa lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nalo. Nikapiga saluti nikasema, "Kumi, afande! Idadi kamili!"

Mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwajuma, tuko tisa."

"Nyamaza. Anakuja sasa hivi."

Wengine wakaangalia buti zao.

Uwanja wa shabaha una utaratibu wake. Haifyatuliwi risasi mpaka ijulikane kila mtu yuko wapi, kisha inapandishwa bendera nyekundu. Mie nilitegemea watasubiri seksheni zote zifike, zihesabiwe, wanywe maji. Kumbe Sajini alitaka kutupa heshima. "Waliofika kwanza watapiga kwanza," akasema. Bendera ikapanda. Tukaamriwa tulale kwenye mstari.

Sasa nimelala pale, kidevu kwenye mchanga. Mbele yangu zile mbao za shabaha, nyuma yake tuta la udongo, na nyuma ya tuta, mikorosho. Nilikuwa napiga hesabu: kama anatembea haraka, keshatoka. Kama kapumzika, bado. Kama anachechemea, ni sasa.  Nikiinuka, kozi imekwenda. Nisipoinuka...

Amri ikatoka: "Risasi moja moja. Piga!"

Nilipiga. Ndiyo, nilipiga, usinitazame hivyo. Nililenga juu, lakini nilipiga. Bunduki zote zikalia, na nyuma ya tuta ndege wakaruka kwa fujo, kama wanavyoruka mtu anapowapitia chini.

Hapo nikasimama. Kusimama kwenye mstari wa kupigia ni kosa ambalo hata kichaa halifanyi. Nikapiga ile sauti iliyonipa ukuu: "Acheni! Kuna mtu! Kuna mtu kule!"

Sajini alinivuta ukosi nikaanguka chini, na mkono mwingine anapunga kusimamisha. 

"Nani yuko kule?"

"Paskalina, afande."

"Ulisema kumi."

"Tuko tisa, afande."

Hakunipiga.  Aliamuru bunduki zitolewe risasi zote, bendera ishuke, kisha akaniambia, "Tangulia." Tukauvuka ule uwanja wote kwa miguu, mie mbele yeye nyuma, naita Paskalina, Paskalina, na hakuna anayejibu. Mwanangu, nimezaa mara tano, nimezika mume, sijapata kutembea mwendo mrefu kama ule.

Tulimkuta kwenye mfereji nyuma ya tuta. Amelala kifudifudi, mikono kichwani, mdomo umejaa mchanga. Mzima. Mzima, Alhamdulillahi. Juu yake tawi la mkorosho limekatwa na risasi, linaning'inia. Sajini alimgeuza akampapasa mwili mzima kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Paskalina akatema mchanga, akaniangalia mie, si Sajini.

"Mwajuma," akasema, "kumbe hukuwaambia?"

Nikapiga magoti nikamfungua buti. 

Nilijua nitaviringishwa kwenye matope mpaka nitapike. Badala yake Sajini alinichukua mpaka ofisi ya mkuu wa kambi, akaniacha mlangoni, akaingia. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia: "Kosa ni langu, afande. Nimepandisha bendera kwa neno la kuruta, sikuwahesabu mwenyewe." Hakunitaja jina mpaka alipoulizwa. Aliandikiwa kosa, na nilisikia baadaye kwamba cheo alichokuwa anakisubiri kilicheleweshwa.

Alipotoka akanivua kitambaa mkononi taratibu, kama anavyovuliwa mtoto nguo. Akaniambia maneno machache tu. "Sikiliza, Mwajuma. Mkubwa wangu anasimama kwa neno langu, mimi nasimama kwa neno lako. Hakuna anayeona kila kitu. Ukinidanganya wewe, nami namdanganya wa juu yangu, na mwishoni mtu anakufa huku sote tumepiga saluti safi. Nilikuuliza watu wangapi. Wewe ukanijibu unachokitaka."

Nililia pale mbele yake. Hakunibembeleza. Alinitazama mpaka nikamaliza, akasema, "Nenda kamwoshe Paskalina mguu."

Nilimwosha kila siku mpaka kisigino kikafunga. Siku tatu za mwanzo hakunisemesha. Ya nne akasema, "Maji ya moto mno, mkuu," na akacheka kidogo, nami nikajua amenisamehe, ingawa mie sijajisamehe. Kozi akaenda mwingine. Nilirudi Temeke nikaolewa na yule mtu wa mgongo, na kwa kweli hakuwa mbaya, lakini hayo ni mengine.

Basi wewe unayetaka ukuu, nakwambia wazi. Kule watakufundisha kwata, ule mwendo wa gwaride, kulenga, kukimbia na mzigo. Yote hayo mwili utajifunza, hata mwili mzito. Kitakachokupa kazi ni mdomo wako siku ukweli utakapokugharimu kitu unachokitaka sana. Ukiulizwa wangapi, geuka uwahesabu kwa macho, uso kwa uso, kisha useme walivyo. Wakipungua sema wamepungua, hata kama kuna wakubwa wamesimama pale, hata kama wenzako wanafika kabla yako. Ukikosea, sema kabla hujaulizwa. Wa chini yako akikosea, simama wewe mbele kwanza, halafu ndiyo umrekebishe. Na ukiwa wa chini, ukamsikia mkubwa wako anasema uongo wa namna ile, usiangalie buti. Usinong'one. Paza sauti. Wale wanane nyuma yangu, aliyenong'ona na waliokaa kimya, nao nawadai neno moja, kama mie ninavyodaiwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyochoka na ulimi usioogopa. Akukinge na risasi ya adui, na zaidi akukinge usije ukawa wewe ndiye uliyewaponza wenzako. Akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima, na kila mama aliyekukabidhi mtoto wake apokee mtoto wake. Amin.